Yatokanayo: Ajenda Inayopima Ukweli wa Maazimio Yetu

Katika kila kikao cha kamati ya msikiti, cha madrasa au cha jumuiya, ipo ajenda moja ambayo wajumbe huipita haraka kama wapitao juu ya mchanga wa jua kali. Ajenda hiyo ni yatokanayo na kikao kilichopita. Dua imeshasomwa, akidi imetimia, muhtasari umethibitishwa. Mwenyekiti anauliza kama kuna yatokanayo, na ukumbi unanyamaza. Mjumbe mmoja anasema suala lile bado linashughulikiwa, mwingine anaongeza kwamba mhusika amesafiri, na kikao kinahamia kwenye ajenda mpya, ambako ndimi zinapata tena wepesi wake.

Sisi tunaoshika kalamu katika vikao hivyo tumejifunza kwamba ajenda hiyo fupi ndiyo mizani ya taasisi nzima. Anayetaka kuijua afya ya jumuiya asianze na mpango mkakati wake wa miaka 5 uliochapwa kwa rangi. Aombe mihtasari ya vikao vitatu vilivyofuatana, asome sehemu ya yatokanayo peke yake. Akikuta azimio lile lile limeandikwa mara tatu kwa maneno yale yale, hana haja ya kuuliza zaidi.

Wahenga wetu walilimaliza jambo hili kwa maneno matatu: mipango si matumizi. Kupanga ni kazi ya saa mbili na kikombe cha chai. Kutekeleza ni kazi ya miezi, ya jua, na ya kumfuata fundi asiyepokea simu. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba tofauti kati ya taasisi inayofika na taasisi inayobaki njiani haiko sana katika wingi wa fedha wala katika uzuri wa mawazo. Iko katika mambo manne: kazi iwe na jina la mtu, iwe na kipimo, iwe na tarehe, na awepo mwenye kuuliza.

Kitenzi kinachomficha mtu

Tuanze na lugha yenyewe ya mihtasari yetu. Kiswahili kimejaaliwa kauli ya kutendwa, nayo ina mahali pake. Lakini humo ndimo maazimio yetu mengi yanamolala usingizi. "Bomba la sehemu ya udhu ya akina mama lishughulikiwe." "Hati ya kiwanja cha makaburi ifuatiliwe." "Posho za walimu wa madrasa ziangaliwe upya." Sentensi hizo ni sahihi kisarufi, zina adabu, wala hazimuudhi yeyote. Kasoro yake ni kwamba hamna mtu ndani yake. Nani ashughulikie? Afuatilie wapi, kwenye ofisi ya ardhi au kwa watoto wa mzee aliyetoa wakfu? Kabla ya lini?

Hata pale mtendaji anapotajwa, mara nyingi huandikwa "kamati". Kamati ya watu 11 ikipewa kazi moja, kila mjumbe huondoka akiamini kwamba wenzake 10 wanaifanya. Hakuna aliyekaidi, hakuna mwenye nia mbaya, na bomba linaendelea kuvuja. Wanaoumia si wajumbe. Ni akina mama wanaofika kuswali adhuhuri wakakuta tangi tupu. Ni ustadhi anayekopa nauli ili aje kuwasomesha watoto wetu. Ni familia ya marehemu inayoambiwa siku ya maziko kwamba kiwanja kina mgogoro.

Sasa, ndugu msomaji, sentensi ile ya kwanza tuigeuze: "Ndugu fulani amlete fundi bomba Jumamosi ya tarehe 14, na akabidhi risiti kwa mweka hazina Jumatatu inayofuata." Sentensi imepoteza ulaini wake, lakini imepata mtu, imepata siku, na imepata kitu cha kuoneshwa mkononi. Kikao kijacho hakitahitaji kujadili tena. Kitahitaji kuuliza swali moja tu.

Dhiraa 40 kwa kila watu 10

Mwaka wa 5 Hijria, sawa na mwaka 627 Miladia, habari zilifika Madina kwamba Makuraishi na washirika wao wanakuja na jeshi ambalo wanahistoria wanalikadiria kuwa la watu 10,000. Waislamu waliokuwa na uwezo wa kupigana walikuwa kiasi cha 3,000. Salman al-Farsi (r.a.) akatoa rai ya kuchimba handaki, mbinu aliyoijua kutoka kwao Uajemi na ambayo Waarabu hawakuizoea. Sehemu hii ya kisa husimuliwa sana, na wengi wetu huishia hapo: rai nzuri ilitolewa, rai ikakubaliwa.

Lakini rai haizuii farasi. Kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, kilichozuia farasi ni handaki lenyewe, na handaki lilipatikana kwa namna kazi ilivyopangwa. Kwanza, eneo lilichaguliwa. Haikuchimbwa Madina yote. Ulichimbwa upande wa kaskazini, kwa kuwa pande nyingine zilikuwa na kinga ya ardhi ya mawe meusi ya volkano, mashamba ya mitende na nyumba zilizosongamana. Nguvu chache hazikutawanywa pasipo haja.

Pili, kazi ilikatwa vipande. Wanahistoria wanaeleza kwamba kila watu 10 walipewa dhiraa 40. Dhiraa ni urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, hivyo kipande kimoja kilikaribia mita 20. Watu 10 wanajuana kwa majina. Mmoja hawezi kukaa kivulini bila wenzake 9 kumwona, na jioni yeyote apitaye ataona kipande cha nani kimefika na cha nani bado. Hapo hapahitajiki ripoti ndefu, maana ardhi yenyewe inatoa ripoti.

Tatu, kiongozi alikuwa ndani ya kazi. Mtume Muhammad (s.a.w.) alibeba udongo pamoja na Masahaba wake hadi vumbi likamfunika tumbo. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kwamba wachimbaji walipokutana na mwamba mgumu walimwendea Mtume (s.a.w.), naye akashuka akaupiga mpaka ukawa kama mchanga, ilhali alikuwa amejifunga jiwe tumboni kwa sababu ya njaa. Tazama utaratibu huo. Kikwazo hakikungoja kikao kijacho. Waliokutana nacho walijua wa kumwendea, naye akafika penye kikwazo.

Nne, kulikuwa na adabu ya kuaga. Wapo wafasiri na waandishi wa sira wanaoihusisha aya ya 62 ya Surat An-Nur na siku hizo. Muumini aliyepatwa na haja aliomba ruhusa, akaenda, kisha akarejea kazini, ilhali wanafiki walichopoka kimyakimya. Kuaga kunaonekana jambo dogo, lakini ndiko kunakomwezesha msimamizi kujua pengo liko wapi na nani aliziba. Katika jumuiya nyingi za leo mtu hujiuzulu kwa kuzima simu, na wenzake hugundua baada ya miezi mitatu kwamba kazi haina mwenyewe.

Mlima uliokabidhiwa mtu mmoja

Miaka michache baadaye, baada ya vita vya Yamama ambako wasomaji wengi wa Qur'ani waliuawa, Umar bin al-Khattab (r.a.) alimshauri Khalifa Abubakar (r.a.) kwamba Qur'ani ikusanywe pamoja. Abubakar alisita, kwa kuwa ni jambo ambalo Mtume (s.a.w.) hakulifanya. Wakarejeana hadi kifua chake kikatulia.

Kilichofuata ndicho chetu leo. Azimio halikuachwa hewani. Aliitwa mtu mmoja, Zayd bin Thabit (r.a.), akaelezwa kwa nini amechaguliwa yeye: ni kijana, ana akili, hana tuhuma, na alikuwa akiandika wahyi kwa ajili ya Mtume (s.a.w.). Sifa zote nne zilihusu kazi iliyo mbele yake. Zayd aliuona uzito wa amana hiyo kuwa umepita uzito wa kuhamisha mlima, lakini aliubeba, kwa kuwa alijua ni wake. Akakusanya kutoka kwenye makuti ya mtende, kwenye mawe bapa na kwenye vifua vya watu waliohifadhi.

Wakati wa Uthman bin Affan (r.a.), nakala zilipotakiwa kuandikwa, Zayd aliongezewa wenzake watatu wa Kikuraishi, na mapema kabisa wakapewa kanuni ya kuamulia pale watakapohitilafiana naye: waandike kwa lahaja ya Makuraishi. Kurasa zilizoazimwa kwa Bibi Hafsa (r.a.) zikarudishwa kwake kazi ilipokamilika, na nakala zikapelekwa katika miji.

Taasisi zetu zinaweza kuchukua mambo matatu hapa. La kwanza ni kumpa kazi anayeiweza, hata kama ni kijana na wazee wamekaa mbele yake. Heshima ya mzee ni kubwa, lakini haiandiki mahesabu. La pili ni kuamua kabla ya mgogoro namna mgogoro utakavyoamuliwa, kwani nahodha wengi chombo huenda mrama. La tatu ni kufunga kazi: kilichoazimwa kirudishwe, kilichobaki kihesabiwe, na waliokuwa wakisubiri wapelekewe.

Andiko lililogeuka dirisha la akiba

Huenda akatokea msomaji akasema kwamba hao ni Masahaba, na zama zao si zetu. Basi na tutazame karne iliyopita. Mwaka 1959, mchumi mmoja wa Malaya, Ungku Aziz, aliandika pendekezo kuhusu Waislamu wa vijijini waliokuwa wakiuza ardhi na mifugo ili waende Hijja, kisha wakarudi hawana pa kulima. Wengi walificha akiba zao majumbani kwa kuchelea riba ya benki. Pendekezo lake lilikuwa kuundwa kwa chombo cha kuweka akiba kidogo kidogo na kuiwekeza kwa njia ya halali.

Andiko kama hilo lingeweza kupigiwa makofi na kufungiwa kabatini. Haikuwa hivyo. Chombo kikatungiwa sheria, na mwaka 1963 kikafungua dirisha lake kwa waweka akiba 1,281. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko ya waumini wa Ijumaa moja katika msikiti mkubwa wa mjini. Mwaka 1969 kiliunganishwa na ofisi iliyosimamia safari za Hijja, ili anayeweka akiba na anayemsafirisha wawe chini ya paa moja. Leo chombo hicho, Tabung Haji, kina mamilioni ya waweka akiba. Kutoka karatasini hadi dirishani ilichukua miaka 4, na walianza na wachache waliokuwapo.

Chombo hicho hicho kina funzo la pili. Mwaka 2018 ilielezwa hadharani kwamba madeni yake yalikuwa yamezidi thamani ya mali zake, na serikali ya nchi hiyo ikalazimika kukipanga upya. Utekelezaji mzuri wa jana haumlindi mtu na uzembe wa leo. Yatokanayo ni ajenda ya kila kikao, hata katika taasisi iliyokwisha kufaulu.

Sanduku lenye kufuli tatu

Wala hatuhitaji kusafiri hadi Malaysia. Tutazame vikundi vya kuweka akiba vya akina mama katika mitaa yetu. Suala la riba katika mikopo ya baadhi ya vikundi hivyo limezungumzwa na masheikh, na vikundi vya Waislamu vinapaswa kulizingatia. Hapa tunazungumzia nidhamu yao ya kazi. Siku ya kukutana ni ile ile kila wiki. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti, hivyo halifunguliwi ila mbele ya wote. Kila mwanachama husimama akataja alicholeta, na fedha huhesabiwa hadharani. Aliyechelewa hulipa faini papo hapo, awe mke wa imamu au muuza maandazi.

Akina mama hao wengi wao hawajaandika mpango mkakati hata mmoja. Lakini mwisho wa mzunguko kila mmoja anajua atapata kiasi gani, na anapata. Wakati huo huo, katika mtaa ule ule, kamati yenye wasomi watatu wa chuo kikuu haijamaliza kupaua darasa moja. Ingefaa kamati zetu zitume wajumbe wawili wakakae nyuma ya mkutano wa akina mama hao, wanyamaze na wajifunze.

Muhali

Kinachotukwamisha sisi watu wa huku kina jina, nalo ni muhali. Aliyepewa kazi ni mkwe wa fulani, au ni mzee aliyemfundisha mwenyekiti Alifu, au ni mfadhili aliyeleta mazulia. Nani atamuuliza? Tunaona haya, tunageuza mazungumzo, na haya hiyo tunaiita heshima.

Anayelipa gharama ya muhali huo hayumo kikaoni. Katika msikiti wetu yupo bibi mmoja ambaye Ijumaa moja alimwita mweka hazina pembeni na kumuuliza kwa upole, "Mwanangu, yale mabati ya madrasa yamefika wapi?" Mchango wake ulikuwa shilingi 5,000, na alikuwa ameuza vitumbua ili aupate. Mweka hazina alikuwa na orodha mkononi: mabati yamenunuliwa, yako stoo, fundi ameahidi kuanza tarehe fulani, na msimamizi ni fulani. Bibi alishukuru akaenda zake. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu mtu mwingine alikwisha kuuliza swali hilo kikaoni kabla yake.

Kuuliza si kumtuhumu mtu. Swali likiulizwa kwa wote, kila kikao, kwa maneno yale yale, halimdhalilishi yeyote. Linakuwa kama kupanga safu kabla ya swala: imamu anaposema tusawazishe safu, hakuna anayejiona ametukanwa.

Karatasi ya safu nne

Kwa jumuiya itakayopenda kuanza, hapahitajiki mtaalamu wala programu ya kompyuta. Ichukuliwe karatasi moja, ipigwe safu nne: kazi yenyewe, jina la mtu mmoja, tarehe ya mwisho, na hali ilivyo. Katika safu ya jina isiandikwe "kamati" wala "wajumbe". Katika safu ya hali yaandikwe maneno mawili tu, "imekamilika" au "bado", na penye "bado" iandikwe sababu na tarehe mpya. Kazi ikiahirishwa mara mbili, kikao kiamue: ipewe mtu mwingine, igawanywe vipande vidogo, au ifutwe kwa uwazi. Kufuta azimio lisilowezekana ni uaminifu mkubwa kuliko kulibeba mwaka mzima kama maiti asiyezikwa.

Maazimio nayo yawe machache. Mshika mawili moja humponyoka, na kikao kinachotoka na maazimio 15 kimetoka bila azimio. Matatu yaliyotimia yatawarudishia waumini imani kuliko hotuba kumi. Na karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa msikiti, ili wanaotoa waone.

Majumbani mwetu pia karatasi hiyo ina kazi. Baba na mama wanaosema kila mwaka kwamba "Inshaallah mwakani tutamrudishia mtoto hifadhi yake ya Qur'ani" waandike nani atamsikiliza, juzuu ipi, baada ya swala gani, na lini atapimwa. Wanaonuia Hijja waandike kiasi cha kila mwezi na nani anakipeleka. Neno inshaallah ni ahadi iliyofungamanishwa na matakwa ya Mwenyezi Mungu, na ahadi ni deni. Halikuwekwa ili liwe mlango wa nyuma wa kutokea.

Tumalizie na mfuko wa saruji. Mtu aliyetoa mfuko mmoja kwa ajili ya darasa la madrasa alitaka sadaka ya kuendelea, itakayomfuata kaburini kila mtoto atakaposoma humo. Kazi ikiahirishwa misimu miwili ya mvua, saruji hiyo hugeuka jiwe ndani ya stoo, na pengine mwenyewe amekwisha kutangulia mbele ya haki. Malipo ya nia yake yako kwa Mola wake, wala hayapotei. Deni limebaki kwetu sisi tuliopokea, na hilo ni miongoni mwa yatokanayo ambayo mtu ataulizwa siku ambayo hapatakuwa na ajenda nyingine ya kukimbilia.

Wabillahi tawfiq.